Mikanda ya "almasi" inaua nyembe za watu Kisumu. Muuzaji, namba ya ukubwa wa punje iko wapi?

Wadau, salamu baadaye. Leo nina hasira.

Kuna hii mikanda ya ngozi ya kunolea nyembe inayouzwa mtandaoni na kuletwa huku Kisumu kwa matatu. Upande mmoja imeshapakwa kitu cha kijivu, na tangazo linajigamba: "Almasi asilia ya Mwadui! Tupa jiwe lako! Noa mara moja, nyoa milele!" Bei yake si ya mchezo. Watu wananunua, wanapitisha wembe, halafu maiti inaletwa kwangu. Mimi ni mnoaji hapa Kibuye: mikasi ya mafundi cherehani, visu vya bucha na nyembe za kukunja za wachache wanaozitunza bado.

Wa juzi ni wa mwalimu mstaafu kutoka Ahero. Wembe wa Solingen, Ujerumani, aliourithi, ule uliochongwa mashavu yakawa membamba hadi ukiugusa kwa ukucha unalia. Ulikuwa unanyoa vizuri tu. Kaupitisha kwenye mkanda mpya kwa sababu ameambiwa utazidi kuwa mkali. Nikaweka lenzi ya fundi saa jichoni, nikaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Palipotakiwa kung'aa pamejaa mikwaruzo mipana inayoshuka kutoka upande wa mgongo hadi kwenye makali, na kila mkwaruzo mkubwa ulipofika ncha, hapo pamemeguka. Kati ya pengo na pengo, chuma kimeviringika. Mzee anashika shavu lenye vipele ananiambia, "Kijana wangu, huu wembe sasa unanyofoa." Nimwambie nini? Kuyaondoa mapengo hayo lazima nile chuma cha wembe wa baba yake, nirudi hadi jiwe la 1,000, lile la punje kubwa, nianze upya.

Kabla hamjaniambia nachukia vitu vipya: almasi haina kosa. Natumia pesti ya almasi mwenyewe, ile krimu yenye vumbi la almasi inayouzwa kwa sirinji. Almasi inakata chuma chochote cha wembe, hata kile kigumu ambacho pesti ya kijani ya kromu inakibembeleza tu. Kosa ni la mtu anayeuza punje asizojua ukubwa wake.

Na hilo la Mwadui ni uongo wa mchana. Mgodi upo kweli, Shinyanga, Tanzania, lakini vumbi la kunolea siku hizi karibu lote linatengenezwa kiwandani. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza mwaka 1955 kwamba imeweza kutengeneza almasi, na tangu hapo viwanda havijaacha. Ndiyo sababu sirinji ya pesti inanunulika na kinyozi wa kawaida. Anayekutoza bei ya pete kwa sababu ya vumbi la kiwandani anakufanya mjinga.

Sasa namba. Pesti ya almasi inatambulika kwa maikroni, na maikroni moja ni milimita moja igawanywe mara elfu. Zile sirinji za kutoka China zinazouzwa kwa seti zina herufi W na namba yake, kuanzia W0.5 hadi W40. Namba ikipanda, punje inakuwa kubwa. Hiyo ya 40 ni ya kusugulia vyuma, haina biashara na shavu la mtu. Wembe unataka 0.5, kisha ukipenda 0.25, na wenye mkono mwepesi wanamalizia kwa 0.1. Makali ya wembe ulionolewa sawasawa hayafiki hata unene wa maikroni moja pale nchani, sasa punje ya maikroni 5 ikipita hapo unategemea itaacha nini?

Nilimwandikia muuzaji. Nikauliza, bwana, hii ni maikroni ngapi? Akajibu, "Ya kijivu ndiyo laini kabisa, boss." Rangi! Kila kiwanda kinatia rangi inayokipendeza, hakuna kanuni ya dunia nzima inayosema kijivu ni laini. Nikamuuliza tena namba. Akanitumia kidole gumba. Nikauliza mara nyingine, akanitoa kwenye kundi lake.

Jambo la pili linaniumiza zaidi, maana hata namba ingekuwa sahihi bado mkanda wake ni tatizo. Amepaka kwenye ngozi nene laini, ile inayobonyea. Ngozi hiyo ukiikandamiza, au ukiuacha mkanda ulegee katikati, inapanda na kukumbatia ncha. Ikiwa safi, madhara ni madogo. Ikiwa na almasi, inakula pembe ya makali na kuyaviringisha, na wewe unadhani unanoa. Wanaojua hupaka kwenye ubao wa balsa, ule mti mwepesi, uliosawazishwa au kwenye kitambaa kigumu cha kitani. Tone dogo, linasambazwa kwa kidole hadi karibu lisionekane. Wembe unalazwa mgongo na makali vyote vikigusa, unatangulizwa mgongo, bila kukandamiza, mara kumi au ishirini basi. Unaufuta vizuri ndipo unakwenda kwenye ngozi safi, ambayo haijawahi kuonja pesti yoyote. Almasi ikishaingia kwenye nyuzi za ngozi haitoki, hata uioshe kwa sabuni gani. Mwalimu ameupoteza wembe, na mkanda nao ni wa kutupa.

"Tupa jiwe lako" nayo nani alimfundisha? Pesti ni ya kumalizia. Wembe butu unaanzia kwenye jiwe, 1,000, 4,000, 8,000, wengine wanafika 12,000 (kwenye mawe ni kinyume, namba ikipanda punje inakuwa ndogo), ndipo pesti ipate kitu cha kung'arisha. Ukiruka mawe unang'arisha ubutu. Eti "nyoa milele"! Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walichunguza kwa hadubini jinsi unywele, ulio laini mara nyingi kuliko chuma, unavyomegua makali ya wembe unapojipinda wakati wa kukatwa. Hakuna wembe wa milele. Hata wa kwako wewe muuzaji, kama unanyoa.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu leo ni video yake mpya. Sasa anawalenga vinyozi wa Kondele na Manyatta: acheni kununua viwembe, nunueni wembe mmoja na mkanda wetu, nyoeni wateja wote, faida ibaki mfukoni. Jamani! Viwembe vya kutumia mara moja vilikuja kwenye vinyozi kwa sababu ya damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Wembe unaweza kuuosha na kuuloweka kwenye dawa. Mkanda wa ngozi unauloweka wapi? Umkate mteja kidogo, upitishe wembe kwenye mkanda, ufute, umlete mwingine kitini. Kinyozi akikubali ushauri huo, si ndevu tu zitakazoharibika. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja na mkanda wake, nyumbani kwake. Hapo sitabishana na yeyote.

Na kuna mtu atakuja hapa kuniambia "mnunuzi ajihadhari". Hapana. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo anayohitaji kuhusu bidhaa. Maikroni ni maelezo hayo. Ni namba moja, inaingia kwenye kibandiko kidogo.

Kwa hiyo, kama unao mkanda huo na bado hujautumia, usiuguse. Rudisha, dai hela yako, na uweke hapa chini picha ya kibandiko, kama kipo. Kama umeshautumia, lete wembe peke yake nikuangalizie, kutazama silipishi. Mkanda usiulete. Sitaki vumbi hilo lifike karibu na mikanda yangu.

Na wewe muuzaji, najua unasoma humu, maana dakika chache baada ya mtu kulalamika huwa unafuta maoni kwenye ukurasa wako. Hapa huwezi kufuta. Andika namba.