"Sticky" ya Waaustralia ni divai gani hasa, na kwa Kiswahili tuiiteje?

Kalamu ya Usiku
Habari za jioni, wakuu. Ninatafsiri hadithi ya Kiaustralia na nimekwama kwenye neno moja. Wageni wamemaliza kula, sahani zimeondolewa, baba mwenye nyumba anauliza nani anataka "sticky". Kamusi inanipa "-a kunata", basi. Siwezi kumfanya mzee wa watu awaulize wageni kama wanataka gundi! Mbele kidogo kinywaji kinamiminwa kwenye glasi ndogo, rangi yake ya asali. Je, ni divai yoyote tamu au aina maalumu? Na nikiandika "divai tamu" inatosha?

Mpita Njia
Ni divai tamu tu, mkuu. Andika hivyo usonge mbele.

Kizibo
Asisonge haraka hivyo. Nimehudumia divai mezani kwa miaka mingi, na hili neno nimelisikia kwa Waaustralia wenyewe. "Sticky" ni neno la mazungumzo, lebo rasmi haliliandiki mara nyingi. Wanalitumia kwa divai nzito zenye sukari nyingi zinazonywewa mwisho wa mlo. Divai nyeupe yenye utamu wa mbali haiitwi hivyo.

Na kunata kwenyewe si mzaha. Ukimimina bila kufuta mdomo wa chupa, tone linateremka shingoni, kitambaa kinaganda vidoleni, na likikaukia hapo kesho unapigana na kizibo.

Chini ya jina hilo kuna makundi mawili makubwa. La kwanza ni divai za zabibu zilizoingiwa na kuvu aitwaye Botrytis cinerea. Anatoboa ganda la zabibu, maji yanapotea, tunda linasinyaa, sukari inabaki imejikusanya. Ukiliona shambani utadhani limeharibika: la kijivu, lina manyoya. Hamira inakula sukari hiyo mpaka inashindwa, inayobaki ndiyo utamu wako. Wafaransa wa Sauternes na Wahungaria wa Tokaj wameifanya kazi hii kwa karne nyingi. Kwa Australia, iliyovuma ni Noble One ya De Bortoli, ya zabibu za Semillon kutoka Riverina, New South Wales, mavuno ya kwanza 1982.

La pili ni divai zilizoongezwa pombe kali. Rutherglen, jimbo la Victoria, ndiyo makao yake. Zabibu za Muscat zinaachwa mtini mpaka zinakunjamana, hamira inaanza kazi, kisha pombe inamiminwa na kuizima kabla haijamaliza sukari. Baada ya hapo ni mapipa, miaka na miaka, mpaka rangi inakuwa kahawia ya kukolea. Kilevi chake hufika asilimia 17 au 18.

Kwa hiyo rangi ya asali uliyoitaja inanielekeza kwenye kundi la kwanza. Kama mwandishi angesema ni nyeusi kama kahawa, ningesema Rutherglen bila kusita.

Binti Kamusi
Kaka Kizibo kamaliza upande wa chupa, mimi niseme upande wa lugha. "Divai tamu" ina kasoro: kwetu hata usingizi ni mtamu, hata hadithi ni tamu. Msomaji ataelewa kwamba divai ni nzuri, sukari asiione kabisa. Napendekeza "divai ya kitindamlo". Kitindamlo ni kile kinachofunga mlo, kama kitindamimba anavyofunga uzazi. Neno lipo, tulitumie.

Kalamu ya Usiku
Asante dada. Lakini je, si hatari? Kuna mhusika Mmarekani ambaye naye anataja divai ya kitindamlo kwa Kiingereza chake.

Kizibo
Swali zuri. Kwenye kanuni za lebo za Marekani jina hilo limehusu nguvu: divai ya zabibu yenye kilevi zaidi ya asilimia 14 hadi 24. Utamu si sharti. Kwa hiyo mtazame huyo Mmarekani anaongea kama mtu wa mezani au wa biashara. Kama ni wa mezani, usijisumbue.

Ila simkubalii dada kwenye mazungumzo. "Nani anataka divai ya kitindamlo?" Huyo si baba nyumbani kwake, huyo ni orodha ya vinywaji inayosoma yenyewe. Mzee yule analegeza ulimi. Mimi ningemwambia aseme, "Nani nimtilie kitamutamu?"

Binti Kamusi
Kitamutamu! Hapo nimesalimu amri. Ila msimulizi amsaidie msomaji, vinginevyo atadhani ni peremende.

Kalamu ya Usiku
Basi nagawa: baba anasema "kitamutamu", na msimulizi kwenye sentensi inayofuata anataja divai ya kitindamlo ikitoka kwenye chupa. Naona inakaa.

Kizibo
Inakaa. Angalia pia chupa: nyingi za aina hii ni nusu chupa, mililita 375, na hutolewa zimepoa. Kama umeandika popote kwamba wageni "walikata kiu", futa. Hiyo wanaionja kwa mafunda madogo.

Mpita Njia
Na mimi nilidhani ni maneno mawili tu. Haya, endeleeni.