Bakora za mkole: zikatwe lini huku Tabora?

Swali (Urambo): Wakuu, nataka kukata bakora za mti wa mkole kiangazi hiki. Mwezi gani unafaa? Na kwa nini ncha hupasuka?

Jibu (Sikonge): Mkole ni chaguo zuri sana, mgumu na haukatiki ovyo. Kata Juni hadi Agosti, kabla ya kuchipua. Maji ya mti yakishapanda, fimbo hukauka vibaya na bungua (wadudu watoboa mbao) huishambulia. Chukua unene wa sentimita 3, uache ziada ya sentimita 10 kila ncha. Ncha hukauka mapema kuliko katikati, ndiyo maana hupasuka: zipake nta au rangi siku hiyohiyo. Ganda liache.

Jibu (Uyui): Zifunge matita, kivulini, miezi 6 hivi. Iliyopinda ipashe juu ya makaa, uinyooshe ingali moto. Msituni mwa hifadhi, kibali kwanza.