Naomba ushauri: nimeumia bega na nina fibromialjia

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Likoni, nina fibromialjia, ugonjwa ambao neva hukuza maumivu hata kama eksirei na vipimo vya damu havionyeshi kitu. Juzi msuli wa bega ulivutika nikiinua mtungi wa maji. Sasa maumivu yametambaa hadi shingoni na kiunoni, usingizi sipati. Daktari kanipa amitriptilini, dawa ya kupunguza maumivu ya neva na kusaidia usingizi, akanisihi nisilale tu, nitembee kidogo kidogo. Lakini nitajuaje lipi ni jeraha na lipi ni ugonjwa wenyewe? Hilo ndilo linanitia hofu, nisije nikazidisha. Mama anataka nikandwe kwa mafuta ya nazi, na mimi kuguswa tu naumia. Mliopitia haya, mlianza vipi kuunyoosha mkono?