Skani imeonyesha minyoo kichwani na mdogo wangu hali nguruwe, imeingiaje?

dada_mtu:
Wadau habari zenu, naomba mwenye kujua anisaidie maana nimechanganyikiwa. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, hajawahi kuanguka kifafa hata utotoni, mwezi uliopita tumekaa tu tunapiga stori kashika kikombe, nikaona vidole vya mkono wa kushoto vinachezacheza vyenyewe, kikombe kikadondoka, mdomo ukavutwa upande mmoja mara akaanguka anatetemeka mwili mzima. Baada ya wiki ikajirudia. Skani ya kichwa imeonyesha vifuko vitatu vya minyoo kwenye ubongo, daktari anasema ni tegu wa nguruwe, kampa dawa ya kifafa na turudi wiki ijayo. Sasa nguruwe hajamwonja tangu azaliwe!! Na kuna mtu kaniambia nimpe tu dawa za minyoo za kutafuna, nimeshanunua ziko hapa mezani, nimpe?

nesi_wa_zamu:
Pole sana dada. Hizo dawa USIMPE, ziweke mbali kabisa. Nimehudumia wagonjwa hawa miaka mingi, ngoja nikueleze. Kifuko kikiwa hai kinaweza kukaa kimya miaka kadhaa mwili haujakishtukia, kikianza kufa ndo kinga inakivamia, ubongo pembeni yake unavimba na kifafa kinaanza hapo. Ukimmezesha dawa nyumbani vikafa kwa pamoja, uvimbe unaweza kumzidi. Hospitali wanatanguliza steroidi kutuliza uvimbe, ndo inafuata dawa ya minyoo, albendazoli, siku 10 mpaka 14 hivi, na vifuko hai vikizidi viwili wanaongeza nyingine, prazikwanteli, huku dawa ya kifafa haisimami. Macho nayo yanapimwa kabla, maana kifuko kikifia ndani ya jicho kinaweza kuharibu uoni. Muulizeni daktari kama vifuko viko hai au vimeshakuwa vigumu kama chokaa, vilivyogeuka chokaa vimeshakufa, dawa ya minyoo haina kazi hapo.

Kuhusu nguruwe, hapo wengi wanachanganya. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko ambayo haijaiva anapata tegu TUMBONI, mnyoo wa mita kadhaa, na anaweza asijue kabisa. Mayai yanatoka na choo chake. Mwingine akiyameza kwenye maji, mboga mbichi au mkono wa mtu aliyetoka chooni bila kunawa na sabuni, yanaanguliwa kwenye utumbo, vijidudu vinapenya vinaingia kwenye damu mpaka kichwani. Yaani kilichomfikia mdogo wako ni choo cha mtu, sio nyama. Mwaka 1992 madaktari waliandika habari za Wayahudi wa New York walioshika dini, nguruwe kwao haramu, lakini wanne walikutwa na vifuko hivihivi, na walipopima wafanyakazi wa ndani mmoja akakutwa na tegu. Kwahiyo wote mnaoishi naye mkapime choo, na yeye mwenyewe pia, maana mwenye tegu anaweza kujiambukiza kwa mikono yake.

chokaa_moja:
Mi ninacho kimoja, kimeshakuwa chokaa, na bado nameza dawa ya kifafa kila siku saa mbili usiku. Niliwahi kuziacha kwa kujiona nimepona, nikaanguka na watu kwa nia njema wakanisokomeza kijiko mdomoni, meno mawili ya mbele yakaondoka. Dada yangu nakuomba, akianguka mlaze ubavu, toa vitu vigumu karibu, usimkandamize wala kumwekea kitu mdomoni, angalia saa, ikipita dakika 5 hajaacha kimbizeni hospitali. Na msione aibu, Shirika la Afya Duniani linasema maeneo yenye tegu huyu karibu asilimia 30 ya wenye kifafa chanzo ni hiki hiki.

dada_mtu:
Mungu awabariki, nimesoma mara mbili na dawa nimezitoa mezani. Tuko wanne hapa, kesho wote tunapeleka choo maabara. Moja tu limebaki, nakula nae sahani moja, hivyo vya kichwani vinaambukiza?

nesi_wa_zamu:
Hapana, vya kichwani haviendi kwa mtu. Anayeambukiza ni mwenye tegu tumboni, ndo tunamtafuta kesho. Na kipimo kikisema hakuna bado mwambieni daktari, mayai hayatoki kila siku, mara nyingine inabidi mpeleke choo zaidi ya mara moja.