Mwanza mpaka Dar na mtoto wa miezi mitano: ndege, basi, au basi mpaka Dodoma afu SGR?

mama_wa_pasiansi:
Habari zenu wapendwa. Mwezi ujao nampeleka mwanangu Dar akaonwe na bibi yake mzaa baba, ana miezi mitano, bado ananyonya tu hajaanza uji. Baba yake ametangulia kikazi kwa hiyo nasafiri nae mwenyewe. Nimewaza ndege, basi la Nyegezi, au basi mpaka Dodoma afu nadaka SGR. Mama mkwe anasema ndege itamuumiza masikio, wifi yangu anasema basi ndo litamtesa zaidi. Mliopitia naombeni mnilinganishie.

ngosha_nyegezi:
Dada basi liache mpaka akue kidogo. Hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilometa 1,100, Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Moro, ukitoka alfajiri unaingia usiku, na ukitoka jioni unalala umekaa na mtoto kifuani. Uzuri wake ni mmoja tu, mtoto wa mapajani halipiwi. Ila pampasi ikijaa ukiwa katikati ya Nzega na Singida unafanyaje? Wanaposimama kuchimba dawa ni dakika chache, konda keshaanza kuita, na wewe ndo kwanza umetandika kanga umlaze. Jua likiwa upande wako pia, dirisha ukifungua vumbi, ukifunga joto.

mama_kulwa_na_doto:
SGR yenyewe nzuri sana jamani, haitikisiki, choo kipo, unainuka unatembea nae, na Dodoma Dar ni saa tatu na kitu. Lakini kwa mtu wa Mwanza unakuwa umeshakula karibu kilometa 700 za basi kabla hujaiona hiyo treni, afu Dodoma ushuke na mtoto na mabegi utafute usafiri wa kukupeleka stesheni, na basi likichelewa treni haikusubiri. Hiyo njia naona inamfaa mtu wa Singida au Dodoma yenyewe. Siku hiyo SGR ikifika huku kwetu tutaongea mengine. Kwa sasa panda ndege mdogo wangu, na una bahati unae mmoja, maana mtu mzima mmoja anaruhusiwa kupakata mtoto mmoja tu, sie wa mapacha lazima tutafute wa kutusindikiza.

nesi_wa_watoto:
Mama mkwe hajakosea, masikio yanaweza kuuma, ila yana dawa na dawa yenyewe unayo kifuani. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna hewa, na kuna kijia kinachoiunganisha na koo. Ndege ikipaa hewa ya ndani inatoka yenyewe kirahisi. Shida ni kushuka, kile kijia kinajibana hewa haiingii. Chupa ya maji ukiimaliza na kuifunga huko juu, ukitua unaikuta imebonyea, ndo hivyo ngoma ya sikio inavyovutwa ndani. Sisi tunameza mate au tunapiga miayo kinafunguka, mtoto hajui, kwa hiyo mpe ziwa, kila akimeza kijia kinafunguka.

Sasa sikiliza hapa maana watu wengi hawaambiwi. Mwanza tupo juu, kama mita 1,140 kutoka usawa wa bahari, na Dar ni pwani kabisa. Kwa hiyo kutua Dar kuna mabadiliko makubwa ya hewa kuliko kupaa Mwanza. Usimalizie maziwa yote wakati wa kupaa. Kushuka kunaanza kama dakika 20 hadi 30 kabla ya kutua, ukisikia masikio yako yameanza kuziba hapo hapo mweke kwenye ziwa, usisubiri tairi ziguse chini. Kama amelala mwamshe taratibu anyonye. Na akiwa na mafua mazito yaliyoziba pua mpeleke akaonwe kabla ya safari, ikibidi sogeza tarehe.

mama_wa_pasiansi:
Asante sana nesi, hilo la kutua Dar sikulijua kabisa. Basi ndege. Sasa ya saa ngapi? Na siti gani?

kaka_wa_igombe:
Sie huku ziwani tunajua, msimu wa mvua radi za ziwani zinapiga usiku mpaka alfajiri, mi ningechukua ya saa nne asubuhi huko.

mama_kulwa_na_doto:
Mchana nako nchi kavu ikishapata joto ndege inarukaruka, kwa hiyo asubuhi ila sio ile ya alfajiri kabisa, hata mtoto anakuwa ameamka vizuri. Kikubwa angalia iende moja kwa moja. Tiketi inayopitia Kilimanjaro mtoto anatua mara mbili, hata ikiwa na bei nafuu usiichukue. Ya moja kwa moja ni kama saa moja na nusu, ya mapanga inazidi kidogo na ina kelele, hiyo omba siti mbali na mapanga. Chukua ya dirishani unyonyeshe kwa nafasi, hamna mtu wa kukuruka. Ya mlango wa dharura hawatakupa. Na ukikata tiketi mtaje mtoto mapema, chini ya miaka 2 mashirika mengi yanatoza kama asilimia 10 ya nauli yako, uulize na begi lake linahesabiwaje. Cheti cha kuzaliwa beba, na kadi ya kliniki pia.

ngosha_nyegezi:
Na kutoka nyumbani usijiamini kisa upo Pasiansi airpoti ni pua na mdomo, foleni ya kukagua mizigo haijui unakaa wapi.

mama_wa_pasiansi:
Nimbebe kwa kanga mgongoni au nichukue kigari?

nesi_wa_watoto:
Kanga, tena mbele. Ngazi za ndege unazipanda na mkono mmoja umeshika chuma, kigari kitakusumbua. Ukishakaa mtoe kwenye kanga, wahudumu watakupa mkanda mdogo unaoingia kwenye wa kwako, wakati wa kupaa na kutua akae nao na unaweza kumnyonyesha hivyo hivyo. Mvalishe nguo nyepesi na sweta juu, ndani ya ndege kuna baridi na ukifungua mlango Dar joto linakupokea. Begi la chini ya siti liwe na pampasi, nguo ya kubadilisha ya kwake na blauzi ya kwako.