Mathenge ndiyo malisho? Bima ya mifugo imetufanya wajinga Tana River

Wakuu, hasira niliyo nayo leo ni ya siku nyingi. Wamerudi. Vijana wenye fulana mpya na tableti wako huku Bura wanaandikisha wafugaji kwa bima ya mifugo: serikali inalipa sehemu kubwa ya ada, wewe unamalizia. Nilimwuliza mmoja swali moja tu, mathenge, huu mti wa miiba uliotuvamia, ni malisho? Akacheka. Mimi sikucheka.

Kwa wasiojua, bima hii haiangalii ng'ombe. Mnyama akifa hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti inapiga picha kutoka juu, wanapima ukijani wa eneo lote, wanalinganisha na miaka iliyopita, na ukishuka chini ya kiwango chao ndipo mnalipwa. Wazo lenyewe silikatai. Hela ikifika kabla mnyama hajalala chini, unanunua nyasi, maji na dawa. Serikali ilipoanza mwaka 2015 kule Turkana na Wajir ilikuwa inalipa ada yote, mwisho uniti 5 kwa kila boma. Uniti moja ni ng'ombe mmoja, au mbuzi kumi. Una ng'ombe 60? Watano ndio wenye bima, waliobaki ni wa Mungu. Haya, tukasema heri watano.

Sasa njooni mwone huku kwetu. Mathenge ililetwa na serikali na wafadhili wake miaka ya 1970 na 1980, eti izuie jangwa. Imeziba njia za mifugo, imesonga nyasi, na ukame ukikaza yenyewe inabaki kijani kama mwembe, maana mizizi yake inafuata maji chini kabisa. Majani yake ng'ombe hayataki. Maganda ni matamu, lakini yanamaliza meno ya mbuzi. Mnakumbuka wenzetu wa Baringo walivyompeleka mbuzi kibogoyo mahakamani mwaka 2006? Watu walicheka Kenya nzima. Yule mbuzi alikuwa shahidi wa kweli kuliko setilaiti.

Mwaka 2022 mvua ilikuwa imetukosa msimu wa nne mfululizo. Nimeburuta mizoga 11 kutoka bomani kwa baba, kwa kamba na punda, punda naye anayumba. Kila jioni mzee ananiuliza, "Wale watu wa bima wamepiga simu?" Bado, baba. Mwishowe ujumbe ukaingia: eneo lenu halijafikia kiwango cha kulipwa.

Nikaenda ofisini. Afisa akanigeuzia kompyuta, ramani hiyo, kwetu kijani kitupu. Nikamwambia, mkubwa, rangi hiyo ni mathenge, panda pikipiki yangu twende ukajionee, hata saa moja haifiki. Akanijibu kwamba mfumo haupokei taarifa za mdomo. Taarifa za mdomo! Na mizoga inanuka mpaka barabarani.

Yaani mti mliotupandia nyinyi umekula nyasi zetu, halafu ukijani wa mti huohuo ndio unatunyima malipo. Na sasa mnataka niuchangie mfumo huo kutoka mfukoni mwangu, mbuzi wawili watatu wa kuuza wenyewe siku hizi nawatafuta kwa tochi.

Baba amekataa katakata kujiandikisha. Mimi niliwaambia nitatoa siku watakayoondoa vichaka vya mathenge kwenye hesabu, au waweke mtu hata mmoja kila lokesheni apite malishoni na kuandika anachokiona kwa macho. Kijana akabonyezabonyeza tableti yake. Alichoandika sikijui, maana hata jina hakuniuliza.

Walio Garissa na Marsabit, nyinyi mlilipwa? Na kama kuna aliyewahi kukata rufaa, aliipeleka wapi? Huku naambiwa fomu yake haipo.