Kipimajoto kinagoma kwenye 96: ni kibovu au ni Mwanza?

Muuza Chai Kirumba:
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha chai hapa Kirumba. Nimenunua kipimajoto cha kidijitali mjini, kile chenye sindano ndefu, maana nataka kuanza kutengeneza yogati, na mambo ya kuchovya kidole kwenye maziwa nimeyachoka. Nikakijaribu kwenye maji. Yanatokota haswa, mvuke unarusha mfuniko, namba ikafika 96 ikagoma: 95.9, 96.1, 96.0. Nikaongeza gesi hadi sufuria ikaanza kucheza jikoni, wapi! Shuleni tuliimbishwa kuwa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Muuzaji anasema ni kizima, mimi ndiye sijui kukitumia. Sasa mtu anayeuza vipimajoto, chaja na kandambili kwenye meza moja, nimwamini vipi? Na chai ya nyuzi 96 inaiva kweli?

Ticha wa Nyakato:
Mkuu, usigombane na mtu. Watu wa hapa tukiona maji na mitumbwi tunajihisi tuko pwani, kumbe uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hiyo 100 ni ya Dar na Tanga. Huku juu hewa inayokandamiza maji ni pungufu, kwa hiyo yanapata upenyo wa kugeuka mvuke mapema. Kila ukipanda mita 300 hivi, toa nyuzi moja. Piga hesabu, utaiona 96 yako. Kule kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, maji yanachemka kwenye 80 na ushee tu.

Gesi uliyoongeza imekwenda bure: maji yakishachemka, moto mkali unayakausha haraka tu.

Ukitaka kukihakikisha, ponda barafu, jaza glasi, tia maji kidogo, koroga, uache sindano katikati dakika mbili. Kisome 0 au karibu yake. Chai ya rangi kwa 96 inaiva vizuri tu.

Bwana Samaki:
Si utie chumvi? Nasikia inapandisha joto.

Ticha wa Nyakato:
Kijiko cha chai kwa lita moja hakipandishi hata nusu nyuzi. Utaharibu chai bure.

Mama wa Maharage:
Ndiyo maana! Nimekulia Tanga, nikaolewa huku. Maharage yaleyale ya kule nikiyapika hapa, mkaa unaisha bado yanagonga meno. Mawifi wakasema mtoto wa pwani hajui kupika. Siku hizi nayaloweka usiku kucha, asubuhi naingiza kwenye presha kuka, basi.

Ticha wa Nyakato:
Presha kuka ndiyo dawa yenyewe, mama. Mvuke ukibanwa mle ndani, maji yanafika karibu nyuzi 120 kabla hayajachemka. Mfaransa Denis Papin alitengeneza chungu cha namna hiyo mwaka 1679. Waonyeshe mawifi hilo.

Muuza Chai Kirumba:
Nimejaribu barafu, imesoma 0.2. Haya, muuzaji kapona. Na yogati sasa?

Mama wa Maharage:
Pasha maziwa hadi 85, epua, yaache yapoe mpaka 43, ndipo utie vijiko viwili vya yogati isiyo na sukari. Funika, zungushia blanketi, usiyatikise hadi kesho. Ukitia yakiwa bado ya moto, unaua vile vijidudu vinavyogandisha.